Mtamba Aliyeuliziwa Baharini

Wazazi wangu walikuja Malindi mwezi wa Desemba mwaka 1972, na kabla hawajashuka vizuri kwenye basi nilijua kwamba hawasemezani.

Mama alitangulia, na mkungu wa ndizi kichwani, kana kwamba huku hakuna ndizi. Baba alimfuata na sanduku. Niliwaamkia, nikawauliza safari ilikuwaje. Mama akaniambia, "Mwulize babako kama amekishusha kile kikapu cha wimbi."

Baba alikuwa amesimama karibu naye kiasi kwamba mabega yao yaligusana. Akanijibu mimi. "Mwambie mamako kikapu ninacho."

Niseme mapema kwamba katika Kikisii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Nyumbani kwetu Nyansiongo jambo hili halimsumbui mtu. Pwani liliwasumbua majirani zangu, waliokuwa wakinisikia nikimwita mwanamke aliyevaa kitambaa kichwani "baba" naye akiitika. Hapa nitamwita Mama, na babangu nitamwita Tata, tuelewane.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya Malindi, na nilikuwa nimepewa nyumba ndogo yenye vyumba viwili. Nilikuwa nimewaalika kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona bahari, ingawa Tata alikuwa akihubiri habari zake. Manasseh Ratemo, yaani babangu, alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, na mahubiri yake yaliyopendwa kuliko yote yalikuwa ya Yona.

Jioni ile, tulipokuwa tukimenya ndizi jikoni, Mama alinieleza kilichotokea. Alieleza polepole, na kisu hakikusimama.

Alikuwa na mtamba wa Ayrshire aliyeitwa Dachesi. Jina alilitoa Tata, ambaye zamani alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu, kabla shamba halijakatwa vipande na yeye kupewa kimoja. Ng'ombe bora wa yule mzungu aliitwa hivyo. Dachesi wetu alifiwa na mamake angali mchanga, na Mama akamlea kwa ndoo, akimtia vidole mdomoni na kumwinamisha kwenye maziwa hadi akajua kunywa mwenyewe. Akakua. Alikuwa amekaribia kupandwa. Mvua za Aprili zilipoanza, Mama alikwenda Mosocho kumzika shangazi yake. Aliporudi, kamba ya Dachesi ilikuwa imening'inizwa ukutani. Tata alikuwa amempeleka kwa akina Tryphosa, mke wa Josiah mdogo wake, kukamilisha mahari.

"Nilimwuliza kwa nini hakuningoja," Mama alisema. "Akasema anakwenda kuangalia ua. Kesho yake nikamwuliza, akasema ana kikao cha kanisa. Nikamwuliza tena, akachukua panga akaenda kukata nyasi, na nyasi tulikuwa nazo. Basi nikaacha kuuliza. Nilipoacha, nikaona sina kingine cha kumwambia."

"Tangu Aprili?"

"Chumvi huwa namwekea karibu," alisema. "Hana haja ya kuomba."

Wakaishi nami hivyo. Nilipokuwa nyumbani nilipeleka maneno kutoka kiti kimoja hadi kingine. Nilipokwenda kazini, jirani alinieleza, walikaa barazani mchana kutwa wakitazama barabara, mmoja huku na mwingine kule. Jirani aliniuliza kama wazee wangu wanaomboleza. Nilimwambia ni uchovu wa safari.

Bahari yenyewe waliitazama kutoka ufukweni mara moja. Mama alisema ni kubwa. Tata alisema ndivyo alivyoitarajia.

Nilikuwa nimepanga kuwapeleka kwa mashua, na sikuona sababu ya kuahirisha. Nahodha aliitwa Shebwana, mtu mwembamba mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono. Niliwahi kumfunga jeraha la mguu, na akaahidi kuwatembeza wazazi wangu siku watakayokuja. Mashua yake ilikuwa ndogo, ina injini nyuma na kioo kilichopachikwa chini katikati, ili watu watazame matumbawe bila kulowa. Watalii walimiminika msimu ule, lakini Jumapili ile alitutengea sisi asubuhi nzima.

Tata alikuja amevaa suti yake ya kanisani na gambuti. Gambuti zile ndizo alizovaa zizini, nyeusi, zimemfika magotini. Nilimwambia pwani watu huenda majini peku.

"Kule kuna maji," alinijibu.

Shebwana alitupanga kwa uzito. "Mzee akae kushoto, mama akae kulia, sista katikati." Mama alikuwa bado amesimama, nikamwambia kwa Kikisii, "Baba, keti hapo." Mama akaketi. Shebwana alimtazama Mama, akamtazama Tata, kisha akasema bismillahi na kuwasha injini.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Maji yalikuwa matulivu, na chini ya kioo dunia ilikuwa imejaa. Palikuwa na matumbawe yaliyofanana na vichwa vya kabichi, na samaki wa manjano, na samaki wenye mistari kama pajama. Tata alikiinamia kioo kama mtu anayekagua nyama buchani.

"Hii iko na magamba?" alimwuliza Shebwana, akionyesha kwa kidole.

"Huyo ana magamba, mzee."

"Na mapezi?"

"Na mapezi."

"Hiyo ni safi," Tata alisema. Akaendelea kuwapanga kwa sheria ya kanisa letu. Changu alikuwa safi. Pweza, aliyejivuta kuingia shimoni kama anayejificha asiulizwe, alikuwa najisi. Taa, yule samaki bapa, alipita chini yetu akipunga mbawa, naye akawa najisi. Kasa alipanda kupumua karibu na mashua, akatutazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa, akazama. Tata alifikiri kidogo juu ya kasa, maana ana miguu na hana miguu, kisha akamweka na najisi pia.

"Mwambie babako," Mama akaniambia, "hakuna aliyetuita kuja kula."

Nikamwambia. Tata akanituma nimwambie Mama kwamba ni vizuri mtu kujua.

Pomboo walikuja tulipokaribia mwamba. Walitokea upande wa Mama, kundi zima, wakiruka na kuingia majini bila kishindo, wakitusindikiza kama ndama wanaolifuata trekta la maziwa. Mama alitabasamu. Mara ya mwisho nilipomwona akitabasamu ilikuwa kabla ya Aprili. Aligeuka upande wa Tata, mdomo umefunguka, na nikajua alitaka kumwonyesha. Halafu akakumbuka, akaufunga, akanionyesha mimi, ambaye nilikuwa nikiwatazama tayari.

Shebwana alituuliza kama tungependa kutoka nje ya mwamba kidogo. Ndege walikuwa wakizunguka pale nje, na ndege hawazunguki bure. Bahari ilikuwa shwari. Mama akasema twende. Tata akasema hana neno. Tukapita kwenye mlango wa mwamba, na maji yakabadilika rangi, yakawa ya buluu nzito, na kile kioo hakikuonyesha kitu tena.

Shebwana akazima injini. "Tulieni," alisema. "Yuko."

Mwanzoni nilidhani ni kivuli cha wingu. Kisha kivuli kikaja upande wetu, kikapanda polepole, kikawa samaki. Alikuwa mrefu kuliko mashua, tena si kidogo. Kichwa chake kilikuwa kipana na bapa, na mgongo wote ulikuwa na madoa meupe yaliyopangika, kana kwamba mtu alisimama juu yake akamwaga sarafu.

"Papa shilingi," Shebwana alisema. "Msiogope. Huyu hali mtu. Chakula chake ni vidudu vya majini, anavichuja tu."

Tata aliuliza kama ana magamba. Shebwana akasema hayaonekani. Sauti ya Tata ilikuwa imepungua.

Yule papa alifika, akaegemea mashua. Hakuigonga. Aliegemea tu, akajisugua ubavuni, vile ng'ombe anavyojisugua kwenye nguzo ya zizi, na mashua ikasogea na kulalama. Mama alinyoosha mkono. Nilitaka kumzuia, lakini tayari alikuwa amemwekea kiganja mgongoni, na akakiacha pale papa akipita, mpaka mkia ulipofika.

"Ngozi yake ni kama jiwe la kusagia," alisema.

Papa akazunguka, akarudi kwa mbele, na safari hii alikuja amefungua mdomo. Mdomo ule ulikuwa mpana kama mlango wa ghala. Mtu angeweza kuingia bila kuinama sana. Tata aliinuka. Baadaye alisema alitaka kuona vizuri ndani, maana amehubiri jambo hilo miaka mingi na hakuwahi kuona mfano wake.

"Koo lake ni jembamba, mzee," Shebwana alimwambia. "Hawezi kummeza mtu. Hebu keti."

"Mtu mdogo je?" Tata aliuliza, bado amesimama.

"Hata mdogo. Keti, mzee."

Wimbi dogo likapita, si wimbi la kutaja, na Tata akaingia baharini. Aliingia wima, suti na gambuti, kwa utaratibu kiasi kwamba ilionekana kama alikuwa ameamua.

Shebwana alikuwa mwepesi. Kabla Tata hajazama alikuwa ameshamshika kola ya koti, akamsukumia boya, na Tata akalikumbatia kwa mikono miwili. Kichwa na mabega vikabaki juu. Sehemu nyingine ilikuwa imezama na haikutaka kupanda, kwa sababu gambuti zilikuwa zimejaa maji. Mimi nilimshika mkono. Tulivuta, lakini hakuinuka.

Hapo ndipo Mama aliposema naye.

"Ratemo," alisema. "Vua gambuti."

Tata alimtazama. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye nyusi. "Zimekwama," alijibu.

"Zipige teke."

"Napiga."

"Piga moja kwa nyingine."

Alijaribu. Moja ikatoka, nikaiona ikishuka, nyeusi, ikisokota taratibu hadi buluu ikaimeza. Ya pili haikutoka. Papa shilingi alikuwa amezunguka upande ule na sasa alikuwa akipita chini ya Tata, mgongo wake mrefu wenye madoa ukipita na kupita.

"Huyo samaki amerudi," Tata alisema.

"Namwona," Mama alisema. Alikuwa amepiga magoti, ameegemeza mikono kwenye ukingo wa mashua, uso wake na wa Tata karibu kama watu wanaoongea kwenye ua. Walikuwa wakisema Kikisii, ambapo ise ni baba wa fulani na ng'ina ni mama wa fulani, na Marion ni mimi. "Ise Marion. Kwa nini ulimtoa Dachesi?"

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ng'ina Marion," Tata alisema, "niko ndani ya maji."

"Naona uko ndani ya maji. Hapo huna ua wa kuangalia."

Shebwana alikuwa bado ameshika kola kwa mikono yote miwili. "Sista," aliniambia, "wanasema nini?"

"Wanazungumza habari za ng'ombe," nilimwambia.

Alinitazama. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Mama," Shebwana akamwambia kwa heshima, "tumpandishe mzee kwanza."

"Utampandisha," Mama akamjibu kwa Kiswahili. "Yeye ataanguka tena? Haanguki. Wewe shika tu." Akamgeukia Tata. "Nangoja."

Tata aliangalia upande wa nchi kavu, ambayo ilikuwa mstari mwembamba wa minazi. Aliangalia upande mwingine, na huko hakukuwa na chochote. Papa alikuwa akigeuka tena, bila haraka.

"Walikuja," Tata alisema mwishowe. "Akina Tryphosa. Kaka zake watatu walikuja siku ile ulipokuwa Mosocho. Walisema ng'ombe aliyebaki aje leo au wamchukue dada yao. Na Tryphosa alikuwa mjamzito. Alikuwa amesimama mlangoni anasikia."

"Josiah alikuwa wapi?"

"Josiah alikuwa amejificha kwenye mahindi."

Mama alisogeza magoti karibu zaidi na ukingo. "Ungetoa yule mweusi."

"Walimkataa. Walimtaka Dachesi. Walimwona wakiingia."

"Sasa kwa nini hukuniambia niliporudi? Nilikuuliza mara tatu."

Ile gambuti iliyobaki ilikuwa ikimvuta Tata upande mmoja, na ilimbidi anyooshe shingo. "Nilikuona ukiitazama ile kamba ukutani," alisema. "Nikashindwa. Nilipokuwa nakata zile nyasi nilikuwa napanga maneno. Nilikata nyingi."

"Ziliozea pale," Mama alisema.

"Najua."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Najua pia."

"Lakini ungeniuliza."

"Ningekuuliza," Tata alisema. "Ningekutumia mtu Mosocho. Nilikosa."

Sikuwahi kumsikia Tata akitamka neno lile kuhusu nafsi yake, si nyumbani wala kanisani, ambako aliwatamkia wengine kila Sabato. Mama aliingiza mkono majini mpaka bega, kitambaa chake kikalowa, akaishika gambuti iliyobaki kwa kisigino na kuivuta kama anavyomvuta ndama anayezaliwa, kwa nguvu moja ndefu isiyokatika. Ikatoka. Akaitupa ndani ya mashua.

"Haya, mpandishe," alimwambia Shebwana.

Tulimpandisha. Alilala kifudifudi juu ya kioo akipumua, soksi moja mguuni. Papa shilingi alijisugua mara moja zaidi kwenye ubavu wa mashua, akashuka, na tuliyaona madoa yake yakififia mpaka hayakuonekana tena.

Njiani Shebwana alikuwa akinitazama mara kwa mara kama mtu mwenye swali, lakini hakuuliza. Tulipofika ufukweni alimsaidia Tata kushuka, akamwambia kwamba amewaendesha watu wengi wakaona papa shilingi, ila hajawahi kuona papa anayengoja watu wamalize mazungumzo. Tata akamshukuru.

Jioni tulikula changu wa kukaanga. Tata aliinua macho kutoka kwenye sahani. "Ng'ina Marion," alisema, "naomba chumvi."

Chumvi ilikuwa mbele yake. Mama alinyoosha mkono, akaiinua, akampa.

Walirudi Nyansiongo kabla ya mwaka mpya. Mimi nilipata likizo mwezi wa Agosti, nikapanda basi kwenda nyumbani, na nikakuta habari za samaki zimeenea hadi Kenyenya, na zina matoleo mawili. Kwa Tata, papa alikuwa na urefu wa kanisa, na yeye alishuka majini kumtazama. Kwa Mama, papa alikuwa na urefu wa trekta na tela lake, na Ratemo alianguka kama gunia. Walibishana habari hizo mbele ya wageni, mmoja akimkatiza mwenzake, na wageni wakawa wanakuja makusudi. Wanawake wa kanisa walimwuliza Mama kama hakuogopa kule kwenye maji.

"Niliogopa," aliwaambia. "Niliogopa atazama kabla hajanijibu."

Wakacheka. Mama hakucheka.

Dachesi hakurudi, na hakuna aliyetazamia arudi. Alikuwa amezaa kule alikokwenda, na walisema anatoa maziwa mengi. Tryphosa alikuwa amejifungua msichana mnene, na alimleta siku moja nikiwa pale. Mama alimpakata mchana mzima. Josiah alikuja naye, akakaa karibu na mlango.

Kilichobadilika ni kwamba Tata sasa aliuliza. Alimwuliza Mama kama auze mahindi sasa au angoje. Alimwuliza kama anyoe ndevu. Alimwuliza kama avune ndizi zilizo karibu na mto, na alipoambiwa avune, aliuliza ni mkungu gani. Siku mbili za kwanza niliona ni jambo jema. Siku ya tatu nilianza kumhurumia Mama.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, tumekaa jikoni karibu na moto. Tata akasimama mlangoni.

"Ng'ina Marion, nifunge mlango?"

"Mvua inaingia, Ratemo."

"Ndiyo nauliza."

"Funga," Mama alisema. "Vya mlango usiniulize. Niulize vya ng'ombe."

Tata akafunga mlango. Akakaa, akanyoosha miguu kuelekea moto, akafikiri. Kisha akasema kuna ndama dume wawili zizini na nyasi zimepungua, yeye anaona mmoja angeuzwa.

Mama alichochea moto. "Yupi?" alisema.

Wakaanza. Niliwaacha hapo nikaenda kulala, na kutoka chumbani niliwasikia wakizungumzia ndama wale, miguu yao, mama zao, na kwato za mmoja ambazo Tata hakuziamini, hata baada ya mvua kukatika.